Niliyoyaona Skid Row nikiwa mwanafunzi Los Angeles: chakula kipo, pa kulala hapana (uzi mrefu)

Mpanga Miji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Siku za karibuni video ya mahema ya Los Angeles imezunguka sana humu. Nimesoma maoni yake mpaka nikachoka. Nusu wanacheka, "ndiyo Marekani mnayoililia viza hiyo". Nusu wanabisha, "video ya kuungaunga, kule hakuna kitu kama hicho". Mimi nilikwenda jiji hilo kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, nasoma mipango miji, na hayo mahema yalikuwa sehemu ya somo. Nashusha niliyoyaona na niliyoyasoma, mwenye kujua zaidi aongezee. Picha sina, nitasema kwa nini huko mbele.

Jambo kubwa naliweka mapema, asiye na muda aishie hapa: maskini wa kule hafi njaa kirahisi. Anachokosa ni mahali. Na ukishakosa mahali, vingine vinakukimbia kimoja kimoja: kitambulisho, kazi, dawa, simu, hadi posho ya serikali yenyewe.

Skid Row ni eneo la mitaa kama 50 mashariki ya katikati ya jiji, limebanwa na barabara za Third na Seventh huku, Main na Alameda kule. Ukishuka basi karibu na City Hall, lile jengo jeupe lenye mnara la mwaka 1928 linaloonekana kwenye filamu kibao, unafika kwa miguu bila kutoka jasho. Hakuna ukuta wala kibao cha kukuambia umeingia. Mtaa mmoja kuna mgahawa wa kahawa na mbwa kavalishwa sweta. Unavuka taa za barabarani, mtaa wa pili njia ya waenda kwa miguu haipitiki: mahema, maturubai ya bluu, matoroli ya supamaketi yaliyojazwa hadi yanafurika, baiskeli zilizofunguliwa vipande vipande, na harufu ya mkojo uliokaukia kwenye zege kwa sababu mvua ya jiji lile ni ya kubahatisha. Ukiinua macho, minara ya mabenki ya Bunker Hill iko palepale.

Wengi wanadhani eneo hilo limesahaulika. Hapana. Mwishoni mwa karne ya 19 reli ilikuwa inaishia maeneo hayo, vibarua wa mashambani na wa reli wakishuka hapo, zikajengwa hoteli za bei chee za chumba kimoja kimoja, baa, na misheni za kuwalisha. Union Rescue Mission, ambayo mpaka leo iko barabara ya San Pedro, ilianza mwaka 1891. Zile hoteli zikaja kubomolewa kwa wingi, na mwaka 1976 jiji likapitisha sera ya kulizuia tatizo lisisambae: huduma zote za mafukara ziwekwe hapo, nao wabaki hapo. Watu walikaa kikao, wakachora mstari kwenye ramani. Sisi wa fani hii hilo ndilo linalotunyima usingizi, maana kalamu iliyochora ni kama hizi zetu.

Sasa chakula. Misheni zinapika kila siku, na foleni niliyoiona watu walipewa sahani bila kuulizwa kitambulisho. Jumamosi na Jumapili yanakuja magari ya makanisa, misikiti, vikundi vya wanafunzi, kila mmoja na mikate yake ya kugawa, mpaka wengine wanakataa kwa adabu: "Ahsante, nimeshakula mara mbili." Ukiwauliza wanataka nini wanakwambia soksi. Soksi safi! Mtu anayetembea na kulala na viatu mguuni, mguu ndio unaotangulia kuoza. Baada ya soksi: pa kuchajia simu, choo, na mtu wa kumwangalizia vitu vyake akienda kliniki.

Nikipata wasaa nashusha sehemu ya pili.

Pakacha

Nimeweka kigoda hapa. Endelea mkuu, usituache njiani kama wale wa "itaendelea" wasiorudi.

Sina Haraka

Chai hii. Nchi iliyopeleka watu mwezini ishindwe kuwajengea hao vyumba? Uzi mrefu hauna hata picha moja.

Boksi Mstaafu

Sina Haraka, hii si chai hata kidogo. Nimebeba boksi Texas miaka mingi. Ghalani kwetu alikuwepo jamaa analala kwenye gari lake, anaoga jimu ya saa 24, saa kumi na moja alfajiri yuko getini amenyoa ndevu kama karani wa benki. Hakuna aliyejua mpaka gari lilipovutwa na breki-dauni. Kima cha chini cha mshahara cha taifa ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009, na Texas ndicho wanachokitumia. Piga saa 40 kwa wiki uone: kama dola 1,250 kwa mwezi kabla ya makato. Toa kodi ya nyumba, bima ya gari, mafuta. Kinachobaki nyumbani wanakusubiri uwatumie.

Mpanga Miji

Boksi Mstaafu, umenisaidia sana. California wao kima chao kiko juu, dola 16 kwa saa mwaka 2024, lakini pango linakula yote.

Nianze na picha. Siku ya kwanza tuliyopelekwa na mwalimu, kijana mmoja anasukuma toroli alimwona mwenzetu anatoa simu. Akatangaza bei: "Picha dola moja. Nikitabasamu, tano." Tulicheka wote, naye akacheka, simu ikarudi mfukoni. Hema ni chumba cha kulala cha mtu, kimekosa kuta tu. Nisingependa mgeni anipige picha nikiwa kwenye shuka, basi. Wenye kutaka picha mtandao umejaa.

Sehemu ya pili ni ya mama mmoja. Jina simtaji na mtaa wake siutaji. Tulikuwa tunasaidia kikundi cha kujitolea kinachowajazia watu fomu, kwa sababu huko kila kitu fomu. Mama mtu mzima, zaidi ya miaka sitini, kajifunga kitambaa kichwani vizuri, kibanda chake kimefagiliwa na ufagio umeegeshwa pembeni. Nilipomwomba kitambulisho alinigeukia mgongo kidogo, akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi na kufungwa raba. Ndani: kadi ya bima ya jamii, kitambulisho cha jimbo kilichokwisha muda, barua ya hospitali, na cheti cha kuzaliwa kilichochanika kwenye mikunjo yote minne, kimeunganishwa na seloteipu mpaka maandishi yamegeuka ya njano. Nilitaka kukiweka juu ya meza akanizuia. "Shika mkononi. Upepo."

Alikuwa mlezi wa wazee majumbani. Alikaa na bibi mmoja, analala humo humo ndani, anampikia na kumwogesha. Bibi akafariki. Watoto wake walikuja kuzika, wakamwambia nyumba inauzwa. Kwa hiyo siku moja amepoteza kazi na pa kulala, na mkataba wa upangaji hana kwa sababu hakuwa mpangaji. Alianza kwa rafiki, akahamia kwenye gari, gari likavutwa kwa faini alizoshindwa kulipa, akaishia chini.

Kwa nini karatasi anazilalia kifuani? Kwa sababu ya usafi wa jiji. Sheria ndogo ya Los Angeles inataka vitu vya mtu anayeishi njiani visizidi ujazo wa pipa la galoni 60, kama lita 227, na mahema yashushwe mchana kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Utekelezaji wake ni wa kupanda na kushuka. Karatasi inabandikwa kwenye nguzo kwamba tarehe fulani kuna usafi. Siku hiyo yanakuja malori ya taka, wafanyakazi wa ovaroli nyeupe, na polisi. Kisichohamishwa kinabebwa. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua mwaka 2012 kwamba jiji haliwezi kuharibu mali za watu hivi hivi bila taratibu, kwa hiyo baadhi ya vitu huhifadhiwa, lakini waulize wenyewe kama wamewahi kuviona tena. Wanaobebewa zaidi ni waliokuwa kwenye foleni ya choo, kliniki au hospitali.

Ukipoteza cheti cha kuzaliwa, kupata kingine unahitaji kitambulisho. Ukipoteza kitambulisho, kupata kingine unahitaji cheti cha kuzaliwa. Na barua zinatumwa kwenye anwani. Kuna mashirika yanawakopesha anwani, wanakwenda kuulizia barua zao pale, na kuna ghala Skid Row ambapo mtu anapewa pipa la kuhifadhia vitu bure. Hayo mambo mawili, anwani ya kuazima na pipa, nimeyaona yanafanya kazi kuliko hotuba nyingi.

Posho? Mtu mzima asiye na kipato anapata kutoka kaunti dola 221 kwa mwezi. Kiasi hicho hakijaguswa kwa miongo. Chumba kimoja cha kupanga ni zaidi ya dola 1,000. Ipo vocha ya serikali kuu ya kusaidia pango, lakini kuingia kwenye orodha ya kusubiri tu ni bahati nasibu kwa maana yake kamili: Oktoba 2022 jiji lilifungua orodha kwa wiki mbili, watu zaidi ya 200,000 wakaomba, wakachaguliwa kwa kura 30,000. Kuchaguliwa maana yake umepata haki ya kuanza kusubiri.

Kibao Kata

Mkuu unawaremba mno. Hao ni mateja na wavivu. Wanatoka majimbo ya baridi wanafuata jua la California na vya bure. Mimi nina binamu yangu huko ananiambia.

Mama Mia

Huyo mama wa karatasi kanikaa moyoni. Mpanga Miji, wanawake wanalalaje pale usiku?

Mpanga Miji

Mama Mia, wengi wanakwambia hawalali usiku. Wanatembea au wanapanda basi la usiku kucha, wanalala mchana kwenye maktaba ya umma au kwenye kituo cha mchana cha wanawake, kipo eneo lile. Wengine wanajiunganisha na mwanamume mmoja wasumbuliwe na mmoja badala ya kumi. Yule mama alikuwa na mbwa mdogo mkali kama pilipili, na kwa ajili ya huyo mbwa alishakataa kitanda kwenye makazi ya muda yasiyopokea wanyama. Watu waliandika kwenye fomu "amekataa huduma".

Kibao Kata, nakujibu kwa heshima ya binamu yako. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitoa utafiti wa jimbo zima, waliwahoji watu wapatao 3,200. Tisa kati ya kumi walipoteza makazi wakiwa tayari wanaishi California, na robo tatu bado wako kaunti ileile walikokuwa na nyumba mara ya mwisho. Yaani ni wenyeji. Kipato cha kati cha kaya zao (nusu walikuwa chini yake, nusu juu yake), miezi sita kabla ya kukosa makazi, kilikuwa dola 960 kwa mwezi. Waliokuwa na mkataba wa upangaji, notisi yao ya kuhama, kwa hesabu hiyohiyo ya kati, ilikuwa siku 10. Wasio na mkataba, kama yule mama: siku 1.

Dawa za kulevya zipo, sifichi. Utafiti huohuo unaonyesha karibu theluthi walikuwa wakitumia methi mara kwa mara, na fentanili, ile dawa kali ya maumivu, inaua watu wengi. Nimemwona mtu ameinama katikati ya barabara, kichwa kinakaribia magoti, magari yanamkwepa. Lakini hebu tazama West Virginia: miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa vifo vya kuzidisha dawa, tena ni maskini, ila watu wanaolala nje kwa uwiano ni wachache kuliko California. Tofauti ni kwamba huko teja anapanga nyumba. Kodi iko chini, ana shangazi mwenye chumba cha ziada. Los Angeles hata mwenye akili timamu na kazi chumba kinamshinda. Na kuna wanaoanza kutumia wakiwa tayari mtaani, kwa kazi maalumu kabisa: kukaa macho usiku wasiibiwe. Hilo nimeambiwa na zaidi ya mmoja.

Wagonjwa wa akili nao ni hadithi ya sheria. Mwaka 1963 Rais Kennedy alisaini sheria ya kuanzisha vituo vya afya ya akili kwenye jamii, hospitali kubwa za akili zianze kupunguzwa. Mwaka 1967 California nayo ikabana sana uwezo wa kumlaza mtu kwa nguvu, gavana akiwa Reagan. Hospitali zilifungwa kweli. Vituo vilivyoahidiwa vikajengwa vichache. Nadhani hapo hata binamu atakubali.

Sina Haraka

Haya, nimeanza kukuelewa. Lakini hizo takwimu zenu nani anahesabu watu wanaohamahama? Isije ikawa namba za mezani.

Mpanga Miji

Swali zuri, na hapa ndipo nilipopapenda kuliko pote, kwa sababu nilihesabu kwa mkono wangu.

Serikali kuu inazitaka kaunti zihesabu watu wasio na makazi katika siku kumi za mwisho za Januari. Los Angeles wanafanya kila mwaka, na nguvukazi ni watu wa kujitolea, maelfu: wastaafu, wanafunzi, wafanyakazi wa benki, masista. Hata mgeni wa viza ya masomo anapokelewa. Unapewa mafunzo mafupi, ramani ya kipande chako cha sensa, na programu ya kwenye simu. Sisi tulikuwa wanne kwenye gari: dereva, msoma ramani, mmoja anatazama kushoto, mmoja kulia. Mimi nilikuwa kulia.

Masharti: usimulike tochi kwenye hema, usigonge dirisha, usimuulize mtu chochote. Unaandika unachokiona. Mtu mmoja mmoja, mahema, vibanda, magari madogo, magari ya vani, na yale mabasi ya kuishi ndani. Baadaye kila hema na kila gari linapewa wastani wa watu unaopatikana kwa mahojiano yanayofanywa kando na wataalamu. Kwa hiyo Sina Haraka, namba si ya mezani, lakini nusu yake ni macho ya watu kama mimi gizani na nusu ni hesabu ya wastani. Nilipoambiwa kaunti ina watu 75,312 mwaka 2024, nilijua namba hiyo imepikwaje, na kwa maoni yangu ni ndogo kuliko hali halisi.

Tulipangiwa mtaa wa kawaida, wa nyumba za familia zenye majani mbele, wala si Skid Row. Nikadhani tutamaliza mapema tukalale. Mahema tuliona machache. Magari sasa! Mwanzoni huyaoni. Kisha yule mama mstaafu aliyekuwa dereva, mzoefu wa kazi hiyo, akaanza kutufundisha bila kusimama: "Vioo vina ukungu kwa ndani. Huyo yumo." "Taulo limebanwa kwenye dirisha la nyuma." "Tazama dashibodi: mswaki." Baada ya hapo macho yakafunguka. Gari la tatu kutoka kona, la sita, mawili yameegeshwa nyuma ya kanisa. Safi, yana bima, hayajapasuka taa. Mojawapo lilikuwa na stika ya maegesho ya wanafunzi wa chuo. Kwenye kiti cha nyuma, kwa mwanga wa taa za barabarani, nikaona vitabu vimepangwa na shati limetundikwa kwenye hanga.

Nililibonyeza kwenye simu: gari, 1.

Hawa wa magari hawamo kwenye video mnazozirusha. Hawapigi kelele, hawaombi, asubuhi wanakwenda kazini na darasani. Chuo kimoja cha Long Beach, Long Beach City College, kilianza mwaka 2021 kuwafungulia wanafunzi wake sehemu ya maegesho walale salama usiku, na bafu na intaneti. Wapo waliokisema eti kinabariki umaskini. Mimi nasema walau kilikubali kuhesabu.

Boksi Mstaafu

Mswaki kwenye dashibodi. Jamaa yangu wa ghalani aliuweka palepale.

Pakacha

Mkuu, na weusi je? Kwenye video naona ni ndugu zetu wengi.

Mpanga Miji

Pakacha, ni kweli. Weusi kaunti ile ni chini ya mmoja kwa kila watu kumi, lakini kwa wasio na makazi wanakaribia theluthi. Sababu yake imeandikwa kwenye hati za nyumba. Zamani hati nyingi Los Angeles zilikuwa na kifungu kwamba kiwanja kisiuzwe kwa mtu mweusi. Hattie McDaniel, yule mwigizaji mweusi wa kwanza kushinda Oscar, mwaka 1940, alinunua nyumba kitongoji kilichoitwa Sugar Hill, majirani wakamshtaki yeye na wenzake waondolewe. Mwaka 1945 hakimu akawapa ushindi weusi. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema vifungu hivyo haviwezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Halafu? Miaka ya 1960 wakapitisha barabara kuu ya Santa Monica katikati ya Sugar Hill. Nimeipita kwa basi kila mara kwenda mjini. Ukiwa juu hujui kama chini yako palikuwa na nyumba ya mtu. Mwenzako babu yake alinunua nyumba akamrithisha baba, baba akaiwekea rehani akakusomesha. Wewe babu yako alikatazwa kununua, au alinunua ikabomolewa. Ukiyumba kidogo unaangukia kwa nani?

Kibao Kata

Sawa, binamu nimemtumia uzi. Ila serikali yao inafanya nini, au ndiyo inawatazama?

Mpanga Miji

Inafanya, tena kwa hela nyingi. Mwaka 2016 wapiga kura wa jiji walikubali kukopa dola bilioni 1.2 kwa hatifungani kujenga nyumba za watu hao, 2017 wa kaunti wakajiongezea kodi ya mauzo, na Novemba 2024 wakaipandisha. Wananchi wenyewe walijipigia kura ya kutozwa! Tatizo ni kwamba nyumba moja inachukua miaka kujengwa na gharama yake unaweza kuzimia, na majirani wanafungua kesi isijengwe karibu nao. Meya Karen Bass tangu Desemba 2022 anawahamishia watu kwenye moteli kwanza. Hesabu ya 2025, ambayo ilisogezwa hadi Februari kwa sababu ya ule moto mkubwa wa Januari, ilitoa 72,308 kwa kaunti. Imeshuka kidogo. Kitaifa ni kinyume: mwaka 2024 walihesabiwa watu 771,480, namba kubwa kuliko zote tangu waanze kuhesabu.

Upande wa pili, Juni 28, 2024 Mahakama ya Juu, majaji sita kwa watatu, iliamua kwenye kesi ya mji wa Grants Pass wa Oregon kwamba mji unaweza kumwadhibu mtu kwa kulala hadharani hata kama hana pengine pa kwenda. Mwezi uliofuata gavana wa California akatoa amri ya kuhimiza kambi ziondolewe. Msimamo wangu siuzungushi: faini ya kulala nje kwa mtu asiye na ndani ni kumwongezea karatasi ya kupoteza. Wenye duka mlangoni mwake pana hema nao nimewasikia, wana haki ya kuchoka. Hasira yao ielekee walikochorea ule mstari wa 1976.

Zawadi ya Alfajiri

Shikamoo kaka. Mimi nimepata nafasi ya chuo huko huko California, naondoka mwezi wa nane. Uzi umenitisha. Mwanafunzi mgeni akiishiwa inakuwaje? Na nikikutana na hao watu nifanye nini, niwape hela?

Mpanga Miji

Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Usiogope, jipange.

Kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, kazi ya kawaida ni ndani ya chuo tu, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ukikamatwa unafanya kazi ya mtaani bila kibali, viza imekwenda. Kadi ya chakula ya serikali huruhusiwi, wewe ni mgeni wa muda. Lakini vyuo vingi vina stoo ya chakula ya wanafunzi. Unaonyesha kitambulisho cha chuo, unachukua, hakuna anayekuuliza baba yako anafanya kazi gani. Iulizie wiki ya kwanza ukiwa bado umeshiba. Chumba usilipie kwa mtu wa mtandaoni ambaye hujamwona. Saini mkataba wenye jina lako hata kama mko wanne, na nakala yake uitunze kwenye barua pepe pamoja na pasipoti na fomu yako ya I-20, ile ya chuo inayothibitisha umepokelewa.

Kuhusu hela, ni hiari yako, hakuna dhambi kutoa wala kutotoa. Mimi nilikuwa na jozi za soksi kwenye begi na nauli ya basi ya ziada, dola 1.75. Anayekusalimia msalimie. Anayeongea peke yake kwa sauti mpishe njia, usimkimbie kwa makelele. Januari ikifika, andikisha jina kwenye ule usiku wa kuhesabu, usajili unafunguliwa mtandaoni wiki kadhaa kabla, na omba kukaa na dereva mzoefu.

Zawadi ya Alfajiri

Ahsante kaka. Soksi za wanaume au za kike?

Mpanga Miji

Nyeusi, nene, saizi kubwa. Zinawatosha wote.